Kitita cha Kujiunga na Darasa la Benchi

Sajini hakuwa mtu wa vita. Tuseme hivyo mapema, asije mtu akasubiri mlio wa risasi humu ndani akangoja bure. Kwa miaka yote aliyovaa gwanda, silaha aliyoishika zaidi ilikuwa tepu ya kupimia vifua, na adui aliyepambana naye karibu kila asubuhi alikuwa paka wa ofisi ya mifugo iliyo jirani, mnyama aliyeamini kwamba mizani ya jeshi iliwekwa pale ili yeye apate pa kulala. Kazi ya Sajini ilikuwa kuandikisha askari. Ofisi yake ilikuwa chumba kimoja cha bati, kimebanwa kati ya hiyo ofisi ya mifugo na kibanda cha fotokopi. Ndani mlikuwa na mizani, meza, na mstari mwekundu ukutani wa kupimia urefu. Nje, chini ya ukingo wa paa, kulikuwa na benchi refu la mbao, na hapo ndipo alipofanyia kazi yake ya maana.

Kila msimu wa kuandikisha lilikuja jopo la maofisa kutoka makao makuu, wakakaa kwenye viti vya kuazima, wakamwuliza kila kijana swali moja: kwa nini unataka kujiunga na jeshi? Kijana akisema anatafuta ajira, kaenda na maji. Akisema mshahara, hivyo hivyo. Akisema ukweli wa nyumbani, kwamba wako wengi na sufuria ni moja, huyo ndiye kabisa, wanamwonyesha mlango kabla hajamaliza kuwataja wadogo zake. Jibu lilikuwa moja tu: naipenda nchi yangu. Maofisa waliliuliza swali hilo kwa nyuso kavu, na wao wenyewe walikuwa wameingia jeshini kwa jibu hilo hilo, wakalisahau jioni yake.

Sasa Sajini alikuwa na huruma, ugonjwa usiofaa kwa mtu wa cheo chake. Aliona vijana wenye vifua kama milango wakikataliwa kwa sababu ya kusema kweli, na vijana wembamba wenye maneno matamu wakipita. Ikamuuma. Basi akaanzisha darasa pale benchini, bila ada, bila kibali cha mtu.

"Ukiulizwa, usijibu haraka," aliwaambia. "Anayejibu haraka amekariri. Meza mate kwanza. Itazame bendera, lakini usiitazame sana, utaonekana unataka kuinunua. Mkono kifuani usiweke, hiyo ni ya wagombea ubunge. Halafu sema taratibu, kama mtu anayetaja jina la mama yake: naipenda nchi yangu."

Vijana walirudia, mmoja baada ya mwingine, na mwenye kibanda cha fotokopi, ambaye hakuwa na mpango wowote wa kwenda jeshini, alikuwa analijua jibu hilo kuliko watoto wake mwenyewe. Kituo cha Sajini kikawa kinapitisha vijana kuliko vituo vyote vya ukanda ule. Makao makuu wakashangaa: mji mdogo vile, una uzalendo kiasi gani? Sajini alipiga saluti, akanyamaza.

Nyumbani alikuwa na mke, mpishi wa shule, mwanamke aliyezoea kunyamazisha watoto mia mbili kwa mwiko mmoja, na binti mmoja. Binti huyo mtaa mzima ulimwita Cheche, kwa sababu alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma. Mageti, madirisha, vitanda, hata mguu wa kiti cha mwenye duka la dawa, yote yalipita mikononi mwake. Alikuwa na mkono mtulivu na jicho la kuona chuma kilichopinda kabla hakijapimwa. Kitu ambacho hakuwa nacho ni mashine. Mashine ilikuwa ya mwenye karakana, na mwenye karakana alichukua zaidi ya nusu ya kila alichochuma, kisha akalalamika kwamba umeme ni ghali. Kwenye duka la vifaa vya ujenzi palikuwa na mashine ya kuchomelea ya rangi ya bluu, na Cheche alikuwa ameikagua mara nyingi hata muuza duka, akimwona anakuja, huifuta vumbi mapema. Alitaka kitu kimoja tu duniani, nacho ni kuichomeka mashine ile kwenye umeme uliolipiwa na yeye mwenyewe.

Halafu ukaja mwaka ambao vijana waliacha kuja jeshini. Benchi likabaki tupu, paka akahamia huko kwa nafasi. Makao makuu wakaingiwa na hofu, na hofu ya wakubwa huzaa matangazo. Likabandikwa kila mahali, hadi kwenye mlango wa ofisi ya mifugo: atakayejiunga kwa miaka miwili na kumaliza mafunzo atapewa kitita, hela ya mkupuo, siku ya gwaride la kuhitimu. Chini kabisa kulikuwa na mstari unaosema kwamba malipo yatategemea matokeo ya utafiti unaoendelea. Mstari huo hakuusoma mtu. Macho yakishaliona neno hela, yakafuate nini tena huko chini?

Benchi likajaa. Likajaa hadi wakaketi kwenye matofali na ndoo, na foleni ikafika kibanda cha fotokopi, ambako mwenye kibanda alipandisha bei siku hiyo hiyo. Pesa ni sabuni ya roho, wanasema, na mji ule roho za watu zilikuwa na kiu ya sabuni, maana mwezi ule ule kiwanda chao cha sabuni kilikuwa kimefungwa na wafanyakazi wameambiwa wangoje kuitwa.

Na Cheche naye akaja kwenye foleni. Hakumwambia baba yake. Alisimama tu kati ya wenzake, na zamu yake ilipofika akapanda kwenye mizani.

"Unafanya nini hapa?" Sajini akamwuliza kwa sauti ya chini.

"Napimwa, afande."

"Teremka twende nyumbani tukaongee."

"Baba, ni miaka miwili. Nitashika bunduki badala ya koleo. Nikitoka nina mashine yangu." Akatazama mshale wa mizani. "Andika uzito, watu wanangoja."

Akaandika. Moyoni alikasirika mpaka adhuhuri, na baada ya adhuhuri akaanza kujisikia fahari, akakasirika tena kwa kujisikia fahari.

Wiki ile ile aliwasili Dokta. Alikuwa kijana mrefu wa miwani, aliyetumwa na wizara kupima kama kitita kinafanya kazi. Udaktari wake ulikuwa wa takwimu, si wa sindano, jambo ambalo mke wa Sajini alilikubali tu baada ya kumsimulia habari zote za goti lake. Alikuwa mtu mwema. Watu wema ndio wa kuogopa, maana hawana hata sababu ya kukuonea.

"Sajini, mwaka huu wameongezeka mara tatu," Dokta alimweleza, wamekaa ofisini na paka katikati yao. "Swali ni nani kawaleta. Kitita, au kiwanda kufungwa? Idadi peke yake haisemi. Ningehesabu hata mara kumi isingesema."

"Sasa utajuaje?"

"Nitawauliza wenyewe. Mmoja mmoja, faraghani, bila majina. Nitawauliza nini hasa kilichowavuta."

Sajini akatabasamu kama mtu aliyekutana na rafiki wa zamani aliyebadilisha nguo. Alimwitikia Dokta vizuri, akamwagizia soda, na Dokta alipoondoka akaenda moja kwa moja benchini.

"Sikilizeni," akasema. "Kuna mtu amekuja na miwani na swali. Msidanganyike na miwani. Jeshi halina swali la bure. Swali ni lile lile la jopo, limekuja kwa mlango wa uani kuwaona mlivyo mkiwa hamjajiandaa. Mezeni mate, mjibu nilivyowafundisha."

Usimcheke. Mtu aliyekaa jeshini miaka yote ile hajawahi kuulizwa kitu kwa sababu aliyeuliza alitaka kujua. Kila swali alilolisikia maishani mwake lilikuwa na jibu tayari mfukoni mwa mwulizaji, na kazi ya mjibu ilikuwa kulipapasa mpaka alipate. Hakujua kwamba kuna watu wanaolipwa kuuliza wasichokijua.

Jioni, mezani, akampa Cheche somo la peke yake.

"Dokta amesema majibu hayana majina, baba," Cheche akasema.

"Jibu lisilo na jina ndilo baya zaidi. La mwenye jina watamtafuta mmoja. La asiye na jina watawatafuta wote."

"Lakini wanataka kujua kama hela inasaidia. Si tuwaambie?"

"Mwanangu, ukiulizwa na mwenye hela kama unataka hela, sema hutaki. Ndivyo anavyokupa. Ukisema unataka anaona una tamaa." Akaweka kijiko chini. "Binti ya Sajini akutwe anasema kaja kwa hela, mimi uso nitauweka wapi?"

"Sawa, baba," Cheche akasema.

Mama mtu, aliyekuwa anakusanya sahani, aliisikia ile sawa na kuijua ilivyo. Baba mtu alisikia neno, akaridhika.

Kesho yake msaidizi wa Dokta, dada mpole mwenye kishikwambi, alikaa ofisini, mlango ukafungwa, na vijana wakaingia mmoja mmoja. Sajini alisimama nje na kumtengenezea kila mmoja kola kabla hajaingia. Walitoka na nyuso za watu waliofaulu. Mmoja alitoka akilia kidogo, na Sajini akamnong'oneza kwamba machozi hayakuwa kwenye somo lakini yamependeza. Siku mbili baadaye lori likaja kuwachukua. Cheche alipanda nyuma na mfuko mmoja, akampungia mama yake mkono, na baba yake akampigia saluti, akaikata haraka kwa sababu macho yalikuwa yanamwasha.

Miezi ya mafunzo ikapita. Ilikuwa imebaki kidogo kufika siku ya gwaride Dokta aliporudi, safari hii na gari la wizara, mpiga picha, na cheti kilichowekwa kwenye fremu. Kilikuwa cheti cha kituo chenye uzalendo wa hali ya juu. Mwenye fotokopi akafunga kibanda kuja kutazama. Sajini akapigwa picha akiwa ameshika fremu, mara mbili, maana mara ya kwanza paka alipita mbele.

"Sijawahi kuona data safi namna hii," Dokta akasema, macho yanamng'aa. "Vituo vingine majibu yamechanganyika. Hapa kwako, Sajini, wote kwa sauti moja. Na kwa kuwa kituo chako ndicho chenye vijana wengi kuliko vyote, ndicho kilichotuamulia."

"Kimeamua nini?" Sajini akauliza, bado anatabasamu.

"Kwamba kitita hakina athari. Vijana walikuja kwa kuipenda nchi. Wangekuja hata bila senti. Nimeshaandika mapendekezo: wizara isiwalipe, iokoe fedha. Kikao cha kupitisha ni Alhamisi."

"Wasiwalipe wanaokuja mwakani?"

"Hata hawa. Lile tangazo lilisema wazi, inategemea utafiti." Dokta akampa mkono. "Umeiokolea nchi fedha nyingi sana, Sajini."

Aliingia nyumbani na fremu kwapani. Mkewe alisikiliza habari yote akiwa amesimama, na ilipokwisha akaketi.

"Mchuma janga hula na wa kwao," akasema. "Ila wewe umezidi. Umelichuma wewe, umempakulia mtoto."

"Nilitaka wapite, mama Cheche."

"Wamepita. Wako huko wanabiringishwa kwenye tope kwa ajili ya hela ambayo baba yao wa benchini ameirudisha." Akakichukua cheti, akakitazama, akakigeuza ukutani. "Alhamisi unakwenda. Unawaambia wewe ndiye uliyewafundisha."

"Nimebakiza mwaka mmoja nistaafu. Wakinifukuza, kiinua mgongo changu kimekwenda."

"Na mgongo wa mtoto je?"

Mtu aliyewapa majibu vijana wa mji mzima alikaa pale mezani akameza mate, na hakuna kilichokuja.

Alhamisi akavaa gwanda la sherehe, akasafiri hadi makao makuu, akaomba kuingia kikaoni. Wakamwingiza, kwa kuwa ni yule wa cheti. Ukumbi ulikuwa na meza ndefu, maji ya chupa, na maofisa na maofisa wengine wa kuwaangalia hao maofisa. Mwenyekiti alikuwa Kanali, mzee mnene mwenye sauti nzuri ya mazishi. Kikao kilikuwa kianze saa tatu. Saa nne kilikuwa hakijaanza, na Sajini, asiyejua mambo ya huko juu, alimwuliza jirani yake wanamngoja nani.

"Mhasibu," akajibiwa. "Hajaleta posho ya kikao."

Mhasibu akaja na bahasha na karatasi ya kusaini. Watu wakachangamka, wengine walikuwa wamelala. Kila mmoja akasaini, akapokea, akachungulia ndani ya bahasha, akaikunja. Hata Sajini akapewa yake, kwa kuwa alikuwa amekaa kwenye kiti. Mkono mtupu haulambwi, na kikao hicho kisingelamba hata kona ya ajenda bila bahasha. Zote zilipokwisha kuingia mifukoni, Kanali akagonga meza na kusoma ajenda ya siku: kuthibitisha kwamba fedha haichochei watu kulitumikia taifa.

Dokta akaeleza, kwa picha za rangi ukutani. Wakatikisa vichwa. Kisha Sajini akainua mkono.

"Mheshimiwa, majibu yale ni yangu," akasema.

"Ndiyo, ni ya kituo chako. Tunakupongeza."

"Hapana, afande. Ni yangu mimi. Niliwafundisha benchini. Nimewafundisha miaka yote, kwa ajili ya jopo, wapate kupita. Dokta alipokuja nikadhani na yeye ni jopo. Wale vijana walikuja kwa hela. Wote. Hata viatu vya kuendea foleni waliazimana."

Dokta akavua miwani. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyeambiwa kwamba daraja alilolijenga halina nguzo, na watu wameshaanza kuvuka. Kanali hakushtuka. Kanali alikuwa amekaa kwenye vikao vingi mno.

"Tuelewane, Sajini. Unasema vijana wako walilidanganya jeshi?"

"Walijibu nilivyowafundisha."

"Kulidanganya jeshi wakati wa kuandikishwa ni kosa. Anayekutwa nalo anafukuzwa bila malipo yoyote. Kama walidanganya, hawalipwi. Kama hawakudanganya, walikuja kwa mapenzi, hawalipwi. Sasa chagua unalotaka liandikwe."

"Na jambo jingine," akasema ofisa wa mwisho wa meza. "Huna mtoto kati ya hao makuruta?"

"Ninaye, afande. Binti."

"Basi una maslahi. Unasema haya ili mtoto apate hela." Akageukia wenzake, mkono juu ya mfuko wenye bahasha. "Hatuwezi kupokea maneno ya mtu mwenye maslahi ya fedha."

Wakakubaliana kwamba hawawezi. Ni Dokta tu aliyekuwa bado anahangaika na karatasi zake, na akasema, kama anayejisemea, kwamba kumbe ndiyo sababu ya lile jibu moja.

"Jibu gani?" Sajini akauliza.

"Majibu hayakuwa ya sauti moja kabisa. Kulikuwa na mmoja alisema hela. Msaidizi wangu alirudia swali, akasema tena hela, anataka kununua mashine ya kuchomelea. Akataja mpaka rangi yake." Dokta akamtazama kwa aibu. "Tulimwondoa. Mtu mmoja peke yake akitofautiana na wote, mara nyingi huwa hakuelewa swali. Na majibu hayana majina, kwa hiyo hatuwezi kujua alikuwa nani."

Sajini alijua. Alikuwa mtu pekee mle ndani aliyejua, na fahari ilimpanda kifuani na uchungu ukaja nyuma yake. Mtoto wake alikuwa amekaa mbele ya mgeni, mlango umefungwa, baba yake yuko nje anatengeneza kola za watu, akasema kweli. Akarudiwa swali, akaisema tena.

"Mrudisheni," akasema. "Huyo mmoja alielewa swali. Kama wengine hamwezi, mlipeni huyo."

"Huyo ndiye hastahili kuliko wote," Kanali akasema, si kwa ubaya, kwa kuelimisha tu. "Huyo ametamka kwa mdomo wake kwamba hana uzalendo. Au wewe unamfahamu, tumwite tumhoji?"

Hapo Sajini akasema hamfahamu. Kikao kikapitisha mapendekezo kwa kauli moja, na ya Sajini ikaandikwa humo humo kwa kuwa alikuwa ameshasaini posho. Dokta aliomba usiku mmoja wa kuhesabu upya, akaambiwa bajeti ya kuhesabu imekwisha. Sajini hawakumfukuza. Wangemfukuzaje mtu waliyempa cheti mwezi ule ule, na picha zake ziko kwenye kalenda?

Siku ya kutembelea makuruta, mkewe alibaki shuleni kupika, akasema yeye hana la kumwambia mtoto, mwenye la kumwambia ni mwingine. Sajini akanunua sabuni, biskuti na mafuta ya kujipaka kwa ile hela ya bahasha, akaenda kambini peke yake. Wageni walikaa na watoto wao kwenye nyasi kando ya uwanja wa gwaride. Cheche akaja anatembea kwa hatua za kijeshi, amekonda, mabega yamepanuka, kichwa kimenyolewa. Wakaamkiana. Akakifungua kifurushi, akanusa sabuni.

"Baba, huku wanasema hela hazitoki," akasema. "Wengine wanabisha. Nikawaambia baba yangu anakuja, atakuwa anajua."

Njiani kote Sajini alikuwa amejiandalia maneno, na yalikuwa mazuri. Yalianza na taifa, yakapitia subira, yakaishia kwa Mungu.

"Hazitoki," akasema.

"Kwa nini?"

"Wamepima wakaona mlikuja kwa mapenzi."

"Nani aliwaambia? Mimi niliwaambia mashine."

"Najua. Wewe walikuondoa kwenye hesabu. Waliobaki walisema nilivyowafundisha."

Cheche akaivunja biskuti vipande viwili, asile hata kimoja. Upande wa pili wa uwanja kuruta mwingine wa benchi, yule aliyelia siku ya swali, alikuwa anacheka na wazazi wake, hana habari. Sajini alitaka mwanawe apige kelele. Angeweza kuzipokea kelele, alikuwa amejiandaa.

"Nilikwenda kuwaambia," akasema. "Niliwaambia mbele ya Kanali. Hawakunisikia. Nisamehe, mwanangu."

"Ulikwenda?"

"Nilikwenda."

Cheche akamwuliza, kwa sauti ya kawaida kabisa, sauti ya mtu anayetaka kujua:

"Na wewe, baba, ulijiunga kwa nini?"

Jibu lile likamjia lenyewe mpaka kwenye meno, lilivyozoea. Lilikuwa limemtoka mdomoni mara nyingi hata yeye alikuwa ameanza kulisadiki. Mtoto alikuwa anamtazama, hajameza mate, hajatazama bendera.

"Viatu," Sajini akasema. "Nilikuwa sijawahi kuvaa viatu. Nikasikia jeshini wanatoa."

"Wakakupa?"

"Siku ile ile. Jozi mbili, na soksi."

"Basi wewe walikulipa," Cheche akasema.

Filimbi ikalia. Akasimama, akafunga kifurushi chake, akamwachia baba yake nusu ya biskuti, akaenda kupanga mstari na wenzake.